Tuta la Chumvi la Absalom Sifuna

Mwezi wa tano, wakati Trans-Nzoia nzima imeinama ikipalilia mahindi, Absalom Sifuna alinunua gunia la chumvi ya ng'ombe, akaikoroga kwenye pipa la maji, akajaza pampu ya mgongoni na kuanza kuinyunyizia miche yake mwenyewe. Alinyunyiza kwa utaratibu, majani upande wa juu, majani upande wa chini, kama mtu anayefuata maelekezo ya daktari. Miche ilikuwa haijamkosea lolote.

Wacera, mwenye nasari ya jirani, aliacha kujaza udongo kwenye mifuko akasimama kutazama. Nasari zao zilikuwa zimekaa bega kwa bega kando ya barabara, mahali Kitale inapoisha na mashamba yanapoanza, na kwa miaka kumi na nne walikuwa wameibiana wateja kwa heshima kubwa.

"Baba Joan, hiyo ni dawa ya nini?"

"Chumvi."

"Ya ng'ombe?"

"Chumvi ni chumvi."

"Na ng'ombe iko wapi?"

Absalom aliipandisha pampu mgongoni. Alihamia mche uliofuata.

"Utatufukuzia wateja, bana," Wacera alisema. "Mtu akiona nasari moja inakauka hatauliza ya nani. Atasema ni ugonjwa wa barabara yote."

Halafu akaliona tuta lenyewe. Lilikuwa limeinuliwa kwa mchanga wa mto, mchanga mtupu usio na samadi, uliochanganywa na ile chokaa inayotiwa kwenye chakula cha kuku wa mayai. Lilikuwa jeupe katikati ya udongo mwekundu. Upana wake ulikuwa futi tatu, ambao ni upana wa tuta lolote la miche. Urefu wake ulikuwa futi sita, ambao si urefu wa tuta lolote la miche. Wacera alirudi kwenye mifuko yake na hakuuliza tena mpaka mwezi wa saba.

Kabla ya hapo, Absalom alikuwa mtu ambaye hakuna anayemsimulia. Alizaliwa karibu na Mabanga, upande wa Bungoma, akapata kozi fupi ya kilimo, akapata mke, Nasambu, akapata watoto wanne, na akagundua kwamba kitu pekee anachokifanya vizuri kuliko majirani zake ni kujua mmea gani utaishi wapi. Huu si ujuzi wa kumtajirisha mtu. Alihamia Kitale kwa sababu Kitale watu walikuwa wanajenga, na mtu akishajenga hupata wazimu wa kupanda. Nasambu alibaki Mabanga na shamba, naye akawa anarudi nyumbani Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu asubuhi.

Nasari yake ilikuwa na kayaba za ua, mikima ya kivuli, misonobari, avokado za kupachika na maua ya kila rangi. Lakini swali lake la kwanza kwa mteja halikuwa unataka nini. Lilikuwa unaishi wapi. Ukimwambia Saboti, alijua baridi inayoteremka kutoka mlimani alfajiri na hakukuuzia papai. Ukimwambia Ndalu, aliuliza ni upande wa juu au kule maji yanakosimama. Wateja waliona anawachelewesha.

Kisa kilichojulikana ni cha mzee Kigen, mstaafu wa serikali, aliyerudi kutoka mapumziko ya wiki moja Diani akiwa na kofia ya ukili na uamuzi. Alitaka minazi kumi na miwili, sita kila upande wa njia ya gari.

"Itakufa," Absalom alimwambia.

"Nimeiona kwa macho yangu. Inapepea tu. Hakuna mtu anaishughulikia."

"Huko ni kwao, mzee. Hapa baridi ya mwezi wa saba itaimaliza."

"Wewe unauza miti ama unauza maneno?"

Kigen alinunua minazi yake kwingine, kwa mtu asiyeuliza maswali, na baridi ya mwezi wa saba ikafanya kazi yake. Absalom hakumcheka. Ukweli ni kwamba alikuwa amewahi kumcheka mara moja tu, nyumbani, na aliyecheka naye alikuwa Joan.

Joan Nelima alikuwa kifungua mimba. Ndiye aliyempa baba yake jina ambalo soko zima linamwita. Alisoma mambo ya hoteli, akapata kazi pwani ya kusini, akaolewa huko na fundi wa friji aitwaye Mbwana, akabadili dini. Haya yote Absalom aliyapokea kama anavyopokea mvua ya mawe, kwa kusubiri iishe ahesabu kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa mkwe mpole anayesema shikamoo kwenye simu, na binti anayecheka kama zamani. Aliona hasara si kubwa.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, akiwa na mimba ya miezi saba, Joan alipandwa na presha. Alikufa alfajiri, mtoto naye akafuata kabla ya adhuhuri. Kwa desturi ya huko hawakumsubiri mtu. Alasiri walikuwa wamekwisha kumzika. Absalom alikuwa bado njiani, hata Nakuru hajafika.

Kwao Mabanga, mtu hukaa siku kadhaa kabla ya kuzikwa. Watu hulala uani, hema hukodishwa, chai hunywewa kwa mapipa, mikuki ya maneno hurushwa, na mpaka jeneza literemshwe kila mtu amekwisha kuchoka kiasi cha kukubali. Absalom alifika kwenye kaburi ambalo mchanga wake umekwisha kukauka, hajachoka hata kidogo. Wakwe walimpokea vizuri mno. Hakupata hata mtu wa kugombana naye.

Nasambu hakwenda. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu Krismasi na hakuweza kukaa kwenye basi usiku na mchana. Alibaki Mabanga na aliambiwa kaburi lilivyo: halina saruji, halina msalaba, lina jiwe dogo upande wa kichwa, na mchanga mweupe.

"Mtupu?" aliuliza.

"Mtupu."

Katika ukoo wa Absalom, mtu akizikwa, huchomekwa mche wa lusiola upande wa kichwa. Lusiola ni mti wa nyumbani: nguzo ya nyumba, mpini wa jembe, mpaka wa shamba. Baba yake anao, babu yake anao, na watoto waliokufa wachanga wanao, na hivyo ndivyo wanavyojulikana walipolala, kwa kuwa majina hawakuwahi kupewa.

"Mpelekee," Nasambu alisema.

Akampelekea. Mwezi wa pili alipanda basi akiwa amepakata mkebe wa rangi uliojaa udongo mwekundu, na ndani yake lusiola la kimo cha mkono. Mbwana alimsindikiza makaburini, mzee wa makaburi akaafiki kwa kichwa, na Absalom akachimba. Koleo lilipita kwenye mchanga kama kwenye unga wa sima, kisha likagonga jiwe la matumbawe. Alimwagilia maji lita ishirini. Yalipotea kabla hajageuza ndoo. Upepo ulikuwa unatoka baharini moja kwa moja, na alipolamba midomo yake aliionja chumvi. Kila kitu alichowahi kumwambia mteja kilimjia kichwani kwa mpangilio. Alipanda hata hivyo.

Jumamosi yake ya kwanza nyumbani, Nasambu alimngoja kwenye kiti cha mlangoni, miguu juu ya stuli.

"Baba Joan. Umeshika?"

Kushika ndilo neno la watu wa miche. Mche ukishika, mizizi imekubali. Usiposhika, unachokiona kijani ni akiba ya mwisho.

"Bado ni mapema," alisema.

Kila Ijumaa, baada ya sala, Mbwana alipita makaburini na kumtumia picha kwenye simu, bila neno. Picha ya tatu ilikuwa ya majani ya kahawia. Ya tano ilikuwa ya kijiti.

Pasaka Absalom alipeleka waridi, la Nasambu mwenyewe, lililong'olewa mbele ya dirisha, ambalo maua yake Joan alikuwa akiyakata bila ruhusa. Lilidumu wiki tano, na wiki hizo tano Nasambu alianza kula tena vizuri na hata kuwagombeza wajukuu. Ijumaa ya sita Absalom alipokea picha akiwa anamuuzia mtu kayaba. Alimaliza kuhesabu miche, akampakilia mteja kwenye pikipiki, kisha akaketi juu ya ndoo. Jumamosi hakwenda nyumbani. Alisema kuna kazi.

Kazi ilikuwa tuta. Kama hawezi kupeleka Mabanga pwani kwa kubahatisha, atailetea Kitale pwani na kuchagua kama mtu mwenye akili. Mchanga, chokaa, chumvi. Upepo hakuweza kuuagiza, lakini alinyunyiza kwa pampu asubuhi na jioni. Kwenye tuta aliweka mche mmoja mmoja wa kila mmea wa maua au kivuli aliokuwa nao, kumi na tisa kwa jumla, na kwenye daftari la shule akaandika jina la kila mmoja na kuacha nafasi ya siku ya kufa. Jaribio lilikuwa zuri. Lilikuwa na kasoro mbili tu.

Ya kwanza ilikuwa mvua. Kitale mvua hunyesha saa nane mchana bila kuulizwa, na kila iliponyesha iliosha chumvi, naye akaweka tena. Mchezo huu ulimaliza magunia mawili.

Kasoro ya pili hakuiona, ingawa ingekuwa ya mteja angeiona kabla hajashuka kwenye gari.

Mimea ilikufa kwa zamu. Waridi jingine, siku tisa. Lusiola, siku kumi na sita. Mkima ulijikaza, ukakauka kuanzia juu kama mtu anayeota mvi. Mwishoni mwa mwezi wa sita Mbwana, aliposikia habari za tuta, alituma kwa basi miche miwili ya mwarobaini na vipandikizi vya yale maua meupe mazito yanayonukia, ambayo huko hupandwa makaburini. Absalom aliiweka kwenye tuta pamoja na mingine. Haki kwa wote. Mwezi wa saba baridi ikashuka kutoka mlimani, na siku ya kumi na moja miarobaini yote miwili ilikuwa imelala. Vile vipandikizi vilioza. Aliandika: *Mwarobaini, siku 11. Haufai.*

Akampigia Mbwana kumjulisha, kwa sauti ya mtaalamu.

"Haufai vipi, baba?" Mbwana alishangaa. "Huku waota wenyewe. Waota kwenye ufa wa ukuta. Waota juu ya paa la msikiti, mpaka twaung'oa."

"Hapa umekufa."

"Hapo ni kwenu, baba."

 Ni maneno ambayo Absalom mwenyewe alikuwa amemwambia mzee Kigen kuhusu minazi: huko ni kwao.

Lakini mtu akishachimba hivyo haachi. Kati ya ile kumi na tisa ya kwanza ulibaki mmoja: bogenvilia ya zambarau, tawi alilokuwa amekata kwenye ua wa nyumbani Mabanga. Chumvi iliunguza majani yake, ukatoa mengine. Baridi iliyaangusha hayo, ukatoa mengine. Ulikuwa na miiba na hasira, na Absalom akaupenda bila kutaka.

Ni wakati huo Wacera alipokuja na kikombe cha chai, akakiweka juu ya pipa, akasema alichokuwa amekinyamazia tangu mwezi wa tano.

"Hii si bedi ya miche, Baba Joan. Hii ni kaburi."

"Ni tuta la majaribio."

"Futi sita?"

Absalom aliliangalia. Vipimo vilikuwa vimetoka mkononi tu, hakuvifikiria.

"Wateja wanauliza," Wacera aliendelea. "Jana mama mmoja wa Saboti ameniuliza kama kuna mtu tumezika hapa. Ningemjibu nini?"

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia ni kaloti."

Mwezi wa nane alipanda basi na mche kwa mara ya tatu, bogenvilia kwenye mkebe wa rangi, miiba ikitoboa magoti ya suruali. Safari hii alikuwa amemwambia Nasambu kwa uhakika, jambo ambalo hakulifanya mara mbili za kwanza: "Hii itashika." Nasambu, aliyekuwa amepungua mpaka pete inazunguka kidoleni, alisema, "Mimi sitauliza sana. Nikiambiwa imeshika nitanyamaza."

Walifika makaburini asubuhi, Absalom, Mbwana, na mzee wa makaburi mwenye fagio la chelewa. Tangu waridi life Mbwana hakuwa ametuma picha, na sasa kaburi halikuwa tupu. Upande wa kichwa, shibiri moja kutoka kwenye kijiti kikavu cha lusiola, ulisimama mwarobaini wa kimo cha goti, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta.

"Nani amepanda?" Absalom aliuliza.

Mzee aliinua kidevu kuonyesha juu. Kunguru walikuwa wamejipanga kwenye ukuta. "Wao wala tunda, waangusha kokwa. Kila mahali."

Mkono wa Absalom ulikuwa tayari umeshika shina. Miaka ishirini na zaidi alikuwa anang'oa vitu vinavyoota bila kupandwa, na mkono ulijua kazi yake. Mti ulikataa. Ulikuwa umeshika haswa. Alihisi mzizi ulivyokwenda chini, umepita mchanga, umepata ufa kwenye jiwe lile lile lililomshinda yeye na koleo.

"Ung'oe ukitaka, baba," Mbwana alisema taratibu. "Ni mwanao."

Mzee wa makaburi alikohoa. "Na huo wako una miiba, bwana. Si ubaya. Lakini watu hapa huvua viatu, huchutama, wanawake huja na watoto. Miiba hatupandi."

Futi sita za chumvi, na hakuna mahali kwenye daftari palipoandikwa kwamba watu huvua viatu.

Absalom aliuachia mwarobaini. Alikaa akiutazama, halafu, kwa kuwa hakujua kufanya kingine, akafanya alichokijua. Mti ulikuwa umeinamishwa kidogo na upepo. Alichomoa uzi wa katani kwenye mkebe wake na kuufunga mwarobaini kwenye kile kijiti cha lusiola, fundo legevu, ili usijikate ukinenepa. Kijiti kilikuwa kimekufa kabisa lakini kilikuwa bado kigumu. Kisha akapakata bogenvilia yake na kurudi nayo.

Nasambu alikuwa mlangoni. Aliuona mkebe kabla hajamwona mume.

"Umerudi nayo."

"Nimerudi nayo."

"Baba Joan, usinizungushe. Umeshika ama haujashika?"

Njiani, kutoka Voi mpaka Eldoret, alikuwa ametunga uongo wa namna tatu, wote mzuri. Mmoja ulihusu picha ambayo angepiga Kitale, kwenye ule mchanga mweupe, na Nasambu asingejua tofauti.

"Kuna mti umeshika," alisema. "Si wetu."

"Nani amepanda?"

"Kunguru."

 Siku nyingine, kwa habari ya mtu mwingine, Nasambu angecheka mpaka ashike mbavu.

"Sisi tumekwenda na miti mara tatu," alisema. "Na kunguru amekaa tu huko."

"Ndiyo."

"Na ni mzuri?"

"Ni mzuri. Ni mti wa huko."

Alinyamaza, kama alivyoahidi, mpaka Jumatatu asubuhi Absalom alipokuwa anavaa viatu. "Nipeleke Kitale," alisema. "Nataka kuona hiyo kitu Wacera ananiambia kwa simu."

Absalom hakujua kwamba walikuwa wanapigiana simu.

Walifika kabla ya mvua. Wacera aliwaletea kiti, halafu akajifanya ana kazi upande wa pili wa ua, kazi ya kusikiliza. Nasambu hakukaa. Alisimama mguuni pa tuta na mkongojo wake. Vijiti ishirini vilikuwa bado vimesimama kwenye mchanga, kila kimoja na kibandiko chake, na upande wa kichwa palikuwa na shimo ambapo bogenvilia ilikuwa imetolewa.

"Irudishe," alisema.

Absalom alipiga magoti akairudisha, akashindilia mchanga kwa vidole. Nasambu alianza kutembea kando ya tuta, polepole, mkongojo na mguu, mkongojo na mguu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Alipofika mwisho akageuka, akarudi, akapima tena kwa macho. Absalom alisubiri aulize kama imeshika. Hakuuliza.

"Joan alikuwa mrefu kuliko hii," alisema. "Umesahau? Alikuwa anainama kuingia jikoni. Hii ni fupi."

"Ni futi sita, Mama Joan."

"Ni fupi. Ongeza."

Absalom aliingia kibandani kuchukua jembe. Alipotoka, Wacera alikuwa amekwisha kuvuka ua na kamba ya kupimia mkononi. Alishika ncha moja. Absalom alihesabu futi moja zaidi, akachora mstari kwenye udongo mwekundu, na kuanza kuchimba.